Mpiga Ramli na Ngozi ya Wifi Yake

Inatangazwa kwa wakubwa na wadogo, kwa wenye digrii na kwa walioziacha njiani wakapona, kwamba katika jengo la ghorofa tatu lenye rangi ya maziwa yaliyochacha, chumba cha mwisho kabla ya choo, yumo mwanamke wa kwanza katika historia ya jengo hilo kuwahoji viumbe wasioonekana kwa macho: kuwauliza wanataka kuwa nini ukubwani, na kuwanunia wakijibu ovyo. Wote mnaombwa msimame. Wenye magoti mabovu wainamishe kichwa, inatosha.

Mwenyewe hatasimama. Ana kazi, hapendi kelele, na wewe pia hakupendi. Usijisikie vibaya, hakukuchagua peke yako.

Ni mrefu, mwembamba, na ana namna ya kukutazama kana kwamba jana ulimkanyaga mguu mmoja na leo umekuja kuulizia wa pili. Alilelewa na shangazi yake, kwenye nyumba ya vyumba viwili na ukuta mwembamba, ambako utotoni alijulikana kama mharibu michezo. Wenzake wakicheza baba na mama, yeye alisimama pembeni akiuliza baba huyu anafanya kazi gani, na mbona chakula ni mchanga. Shangazi alikuwa akimwambia, "Wewe siku ukifa, malaika watakaokuja kukuhoji wataondoka wamehojiwa." Alikwenda chuo kikuu akamaliza, jambo ambalo si kosa la jinai ingawa humwachia mtu alama, kisha akaajiriwa kwenye maabara ya Profesa, ambako kuuliza maswali yanayokera kunaitwa taaluma.

Kazini anaitwa Mpiga Ramli. Jina hilo alipewa na wifi yake, na lilikusudiwa kuuma. Liliuma.

Ili ujue liliumaje, lazima ujue wanachofanya mle ndani. Seli shina ni seli ambayo haijaamua. Ni kama yule shemeji wa sebuleni ambaye kila mtu anasema ana kipaji, ila hakuna anayejua cha nini. Ukiilisha dawa hii wakati huu, yaweza kuwa misuli ya moyo. Ukiilisha ile wakati ule, yawa ini. Profesa alitaka zake ziwe seli za kongosho, zile zinazotengeneza insulini, ili siku moja mgonjwa wa kisukari apandikizwe hizo aachane na sindano. Nia ilikuwa njema. Nia njema ndiyo iliyowaweka wanawake wawili wanaochukiana mbele ya kabati moja la joto.

Wa kwanza ni huyo wifi, anayeitwa Yaya, kwa kuwa ndiye anayezilea seli. Anazibadilishia mchuzi mwekundu wa lishe, anaziimbia, anazikemea, anazipa dawa kwa kufuata kalenda aliyoibandika kwenye mlango wa kabati. Siku hii dawa hii, siku ile dawa ile, kama kadi ya chanjo. Ni mnene, mchangamfu, na anacheka kwa sauti inayofanya chupa zigongane rafuni. Wa pili ni Mpiga Ramli, na mashine.

Mashine ile inasoma jeni. Kila seli inabeba jeni zote, za kuwa ini, za kuwa ngozi, za kuwa kila kitu. Ila si zote zinazosema kwa wakati mmoja. Zingine zinapiga kelele, zingine zimelala. Ukijua zipi zinasema leo, unajua seli inaelekea wapi kabla jicho halijaona lolote. Tatizo ni moja tu: ili uzisikie, lazima kwanza uzitwange.

"Anawaua wanangu," Yaya alikuwa akiwaambia watu wa ghorofa zote, "halafu ndiyo anawauliza wanataka kuwa nini wakikua. Hata mchawi huuliza kwanza."

"Na wewe unawalisha kwa kalenda," Mpiga Ramli alimjibu kupitia kidirisha cha ukutani kilichotenganisha vyumba vyao. "Mtoto analia njaa, unamwambia vumilia hadi Jumanne."

"Wewe hujawahi kulea hata bakteria!"

"Bakteria wanalelewa na wewe. Niliwaona kwenye sahani ya mwezi uliopita. Wamenona."

Na Yaya aliposema "wanangu" hakutia chumvi. Profesa alipohitaji mtu wa kujitolea kipande cha ngozi, ili seli zake zirudishwe nyuma hadi zisahau kwamba ziliwahi kuwa ngozi, Yaya ndiye aliyenyoosha mkono, akautoa kama malkia anayebusiwa. Tangu siku hiyo kila sahani iliyomo kabatini ni yeye. Na kwa kuwa Yaya ndiye aliyewahi kumwita kaka yake, fundi wa friji, aje kutengeneza friji la maabara lililokuwa linavuja, na fundi akatengeneza friji akaondoka na msomaji wa jeni, unaweza kusema Mpiga Ramli aliolewa kwenye ukoo ule mara mbili: kwanza na bwana, kisha na ngozi ya dada yake.

"Nilimwita kaka yangu aje kuziba friji," Yaya husema akiulizwa, "akaondoka na barafu."

Sasa, Mpiga Ramli alikuwa na jambo lake. Alitaka kalenda ile ichanwe. Alitaka dawa itolewe jeni zitakaposema ziko tayari, siyo tarehe itakaposema, kwa sababu seli hazina ukuta wa kutundikia kalenda. Alilisema kwenye kila kikao, kila mara kwa maneno machache zaidi na sura mbaya zaidi, hadi Profesa, mtu mwenye kitambi cha heshima na woga mkubwa wa wanawake wawili wakisema kwa pamoja, akaamua kuwapambanisha.

"Kila mmoja atakuwa na rafu yake ya sahani," alisema. "Rafu ya Kalenda, rafu ya Ramli. Samahani mama, rafu ya Jeni. Itakayotoa seli bora, ndiyo njia ya maabara."

"Na ya kwangu ikishindwa?" Mpiga Ramli akauliza.

Profesa akaitazama kalamu yake. Mashine, alisema, itabidi ihamie ghorofa ya chini kwa watu wa mimea, ambao walikuwa wakiitamani kama fisi anayefuata mkono wa mpita njia akidhani utadondoka. Na yeye, kwa kuwa msomaji bila mashine ni mtazamaji tu, atakuwa msaidizi wa Yaya.

Chupa zikagongana rafuni.

"Karibu sana wifi," Yaya alisema akifuta machozi ya kicheko. "Utaanza na kuosha. Kuimba nitakufundisha polepole."

Hilo ndilo lililokuwa hatarini, na Mpiga Ramli hakuwahi kulisahau hata akiwa anapiga mswaki.

Maabara ilikuwa na mwiko mmoja, alioutunga Profesa mwenyewe: anayelisha hasomi, anayesoma halishi. Mzazi asisahihishe mtihani wa mwanawe. Kwa hiyo Yaya alilisha rafu zote mbili, ile ya Jeni akiilisha kwa amri, na siku ya kusoma sahani moja ilitolewa mhanga: Yaya anaikwangua yote, anachanganya, anapitisha kichupa kidirishani kwa vidole viwili kama anayetoa mende nje. Mpiga Ramli anatwanga, anasoma, anatoa amri. Rafu ya Kalenda haikusomwa. Yaya aliitazama kwa hadubini na kuiamini.

Na amri zilianza kupendeza. Usomaji wa kwanza ulionyesha jeni za ujana zinanyamaza. Wa pili ulionyesha seli zimefika njia panda, pale ambapo upande mmoja ni kongosho na upande mwingine ni ini. Mistari ya grafu ilikaa pale pale alipoitaka, kama askari wa gwaride. "Zipe sasa," alisema kidirishani, wakati kalenda ilikuwa inasema bado.

"Sasa hivi? Hazijakomaa!"

"Zipe."

Yaya alizipa huku akisonya msonyo mrefu wa kutosha kufikia ghorofa ya mimea.

Profesa alipoona grafu alipiga makofi peke yake. Siku ile ile akaita wageni: wakubwa wa taasisi, na chama cha wagonjwa wa kisukari, watu waliokuwa wakijidunga tangu enzi ambazo yeye alikuwa na kiuno. Ukumbi ukapangwa, viti vikafutwa vumbi. Kilichobaki ni usomaji mmoja wa mwisho, wa kuwaonyesha wageni.

Huo usomaji ulirudi na balaa. Jeni za ini zilikuwa zinapiga kelele kama wapangaji waliokatiwa maji. Kongosho, kimya. Mpiga Ramli alisoma, akasoma tena, kisha akainuka akaenda kwenye mlango ambao kwa mwiko wa maabara hakuruhusiwa kuuvuka, akauvuka.

"Umefanya nini kwenye sahani yangu?"

Yaya alikuwa anakula karanga, jambo ambalo nalo haliruhusiwi mle. "Sahani yako ina ngozi yangu. Shika adabu."

"Umefanya nini?"

"Nimechota pembeni." Alisema akitafuna. "Pembeni zimebanana vibaya, nimeona kwa hadubini, nikasema haya, wacha msomi azisome hizo. Kwani pembeni siyo sahani? Au na pembeni nako kuna mkwe usiyempenda?"

"Mwongo wewe! Mhujumu! Unataka kunitia aibu mbele ya watu!"

"Ndiyo," Yaya alikubali kwa uwazi unaostahili sifa.

Yaliyofuata hayaandikiki yote. Ukoo ulitajwa, pua ilitajwa, na mtu mmoja aliambiwa kwamba hata seli zake zimekataa kufanana naye. Wote wawili wakatoa simu, wakampigia mtu mmoja. Mpiga Ramli ndiye aliyepata laini.

"Mume wangu, mwambie dada yako ni mchawi."

"Kaka!" Yaya alipiga kelele akiivamia simu. "Mwambie mkeo anitoke chumbani!"

Fundi wa friji alikohoa. "Niko ndani ya friji la bucha," alisema. "Mlango umejifunga. Nitawapigia." Ilikuwa kweli kabisa kwamba yuko ndani. Mlango aliufunga mwenyewe.

Basi Yaya, ili asiambiwe ameogopa, akafungua kabati, akatoa sahani nyingine ya rafu ile ile. "Haya. Hii nachota pembeni, natia kichupa hiki. Hii katikati, natia kile. Unaona? Mkono wangu huu hapa. Kasome, ukirudi uniombe radhi kwa magoti."

Mpiga Ramli akaenda kusoma akiwa na hakika ya jambo moja: katikati patakuwa pazuri, na wifi yake atafukuzwa kabla ya wageni kukaa.

Pembeni: ini tupu. Hilo alilitarajia. Katikati: hakuna kitu. Seli za katikati zilikuwa hazijaamua lolote. Hazikuwahi kufika njia panda. Zilikuwa zimekaa pale pale zilipoanzia, zinakula mchuzi.

Alizitazama namba zile mbili. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anamwona, akazijumlisha akazigawa. Ikatoka namba nzuri, ya seli zilizo njia panda. Ikatoka ile ile iliyofanya Profesa apige makofi.

Hapo ndipo alipoelewa, na kuelewa huko kulimshuka kama maji ya baridi mgongoni. Wakati wote seli za pembeni zilikuwa zimetangulia na za katikati hazijaondoka, na yeye alikuwa anazitwanga pamoja na kusoma wastani. Nenda kwenye nyumba yoyote: baba kashiba hadi anatapika, mtoto hajala tangu jana, jumlisha, gawa, andika kwamba familia imekula vizuri. Siku aliyosema "zipe sasa", hapakuwa na seli hata moja iliyokuwa tayari. Alikuwa ameamrisha dawa kwa seli ambazo hazikuwapo.

Alitafuta wa kumtukana. Aliwapitia wote, Profesa, watu wa mimea, aliyetengeneza mashine, na kila kiti alichokifikia alikuta kimeshakaliwa na yeye mwenyewe. Na Yaya, ambaye alikuwa amehujumu kwa roho mbaya safi isiyochanganywa na kitu, alikuwa ndiye mtu pekee aliyechota sehemu moja.

Hili lilimuuma kuliko jina la Mpiga Ramli.

Alirudi chumba cha kabati. Hakupiga magoti. "Nipe na ya rafu yako," alisema. "Pembeni na katikati."

"Ya kwangu haisomwi. Nimeitazama. Iko sawa."

"Unaogopa."

Neno hilo kwa Yaya ni kama petroli. Akachota. Mpiga Ramli akasoma akiomba, kwa mara ya kwanza tangu shule ya msingi, kwamba iwe mbaya kuliko yake. Mungu alimpa nusu: ilikuwa mbaya vile vile. Pembeni ini, katikati bure. Kalenda na ramli zilikuwa zimefika mahali pamoja kwa njia mbili.

Alimwonyesha. Alieleza kwa maneno machache, bila sura mbaya. Yaya aliacha kutafuna. Akakaa kwenye kiti cha kazini chenye magurudumu, kikarudi nyuma kidogo hadi kikagonga kabati. Alizilea zile. Aliziimbia. Zilikuwa ngozi ya mkono wake.

Halafu akainua uso, na sauti iliyotoka ilikuwa mpya, laini, ya asali. "Wifi yangu."

Mpiga Ramli akashituka kama aliyeguswa na nyaya za umeme.

"Wifi yangu kipenzi, sikiliza. Nani anajua? Mimi na wewe. Nitakwangua sahani nzima kama kawaida, nitachanganya vizuri, itatoka ile namba nzuri. Sawa? Wewe unashinda. Mimi nakubali kushindwa, kalenda naichana mwenyewe mbele yao. Mashine inabaki. Wageni wanafurahi, wanaondoka. Baadaye tunatengeneza taratibu, mimi na wewe, kimya kimya. Mbona jambo dogo hili? Sisi si ndugu?"

Ilikuwa hoja nzuri. Tuseme ukweli: ni hoja ambayo majengo mengi marefu yamesimama juu yake. Mpiga Ramli aliisikia ikimwingia. Aliona kalenda ikichanwa. Aliona watu wa mimea wakipanda ngazi na kurudi mikono mitupu. Aliona pia sinki la kuoshea chupa, na yeye amesimama mbele yake amevaa aproni, na nyuma yake mtu anaimba.

Kisha akamwona wifi yake anatabasamu, anamsubiri. Tangu wajuane hawakuwahi kukubaliana hata kuhusu dirisha lifunguliwe au lifungwe. Na sasa, mara ya kwanza wanakubaliana, iwe kwa huu uongo? Wawe wamefungwa pamoja nao, wanaulea pamoja, wanaulisha, wanaitana kipenzi hadi uzeeni? Sinki likaonekana safi. Sinki likaonekana kama ufuo.

"Usiniite kipenzi," alisema.

"Wifi, fikiria..."

"Nimefikiria. Toa mkono wako begani mwangu."

"Utaosha chupa!" Asali ikakauka papo hapo. "Utaosha hadi kucha zing'oke! Nitakupa na zile za kuvu! Unadhani unanikomoa mimi? Unajikomoa mwenyewe, mjinga wewe uliyesoma!"

"Zioshe vizuri kwanza ndiyo unipe," alisema Mpiga Ramli, akatoka.

Asubuhi ya wageni alizima mashine, akaifuta, akazungusha waya wake, akaifunika kwa shuka kama maiti ya mtu asiyempenda lakini anayemheshimu. Alipopita ngazini, mkuu wa mimea alimsalimia kwa adabu ya mrithi.

Ukumbi ulijaa. Mbele walikaa wagonjwa, wazee kwa vijana, wengine na vipochi vyao vya sindano mapajani. Nyuma yao wakubwa wa taasisi, wakitazama saa. Yaya alisimama ukutani, mikono kifuani, macho mekundu, anamtazama wifi yake kwa chuki isiyo na doa. Profesa, ambaye hakuna aliyempa habari kwa kuwa alikuwa na shughuli ya kufunga tai, alipanda jukwaani akasema kwa kirefu. Alisema mwanadamu amekuwa akibisha mlango wa uhai tangu awali, na leo mlango umeitikia. Alisema seli zimefunzwa utii. Alisema vizazi vitakumbuka chumba kile kidogo kabla ya choo, ingawa choo hakukitaja. Mzee mmoja wa mstari wa mbele alianza kulia kabisa, na jirani yake akampa leso.

"Na sasa," Profesa alisema, akinyoosha mkono kama anayefungua daraja, "nimkaribishe mama huyu, aliyezisikiliza seli zikiwa bado hazijui jina lao, atuambie kwa kinywa chake, siku hii ya kihistoria: seli zetu zimekuwa nini?"

Makofi. Mpiga Ramli alikwenda kwenye kipaza sauti, akakishusha, hakikushuka, akakiacha. Aliwatazama watu wa mstari wa mbele, mmoja mmoja.

"Za pembeni zimekuwa ini," alisema. "Za katikati hazijawa kitu. Nilisoma wastani, nikakosea. Za wifi yangu ni hivyo hivyo. Endeleeni na sindano. Chai iko nyuma, haina sukari."